Kitambaa cha Meza chenye Lesi: Kukishona kwa Ajili ya Beseni

Watu wengi wanaoniomba niwashonee kitambaa cha meza huanza na picha. Hunionyesha kwenye simu meza iliyotandikwa kitambaa cheupe chenye lesi pana na mistari ya maua iliyoshonwa kwa cherehani, kisha huuliza kama naweza kuwatolea kitu kama kile. Kabla sijataja rangi wala bei, mimi nami huwauliza: kitafuliwa vipi? Meza zetu za chakula ni meza za kazi. Humwagikiwa mchuzi wa nazi, chai, ukwaju na mafuta ya pilau, na kitambaa kilichopendeza pichani kitaishia kwenye beseni, kifikichwe kwa mikono na sabuni ya mche, kianikwe juani na kupigwa pasi ya moto. Karibu kila uamuzi nitakaoueleza hapa, kuanzia aina ya lesi hadi upana wa mshono wa mapambo, nimeufanya nikilifikiria beseni hilo.

Kitambaa ninachokitolea mfano nilikishona kwa ajili ya meza ya wifi yangu, meza ya watu 6 yenye urefu wa sm 180 na upana wa sm 90. Nilichagua pamba ya rangi ya maziwa, iliyofumwa kwa kubana na yenye uzito wa shuka nzuri. Poliesta ina sifa zake, kwani hukauka upesi na haijikunji ovyo, lakini mafuta huing'ang'ania, na mshono uliojaa uzi huifanya ijikunyate kandokando ya mstari hata pasi ishindwe kuinyoosha. Kitani ni bora kuliko vyote viwili, ila kwa bei yake nakiachia shughuli za harusi. Ama rangi ya maziwa, niliichagua kwa sababu ya binzari ya manjano. Doa lake likikutana na sabuni hugeuka jekundu, watu wakaingiwa na hofu na kukimbilia dawa ya klorini, ilhali jua lenyewe hulififisha likiachiwa muda. Juu ya nyeupe tupu doa hilo huonekana tangu mlangoni. Juu ya rangi ya maziwa huonekana na anayelitafuta.

Pamba hupungua inapofuliwa, na kupungua kwa asilimia 3 hadi 5 ni jambo la kawaida. Kwa hiyo nilinunua mita 2.5 za kitambaa chenye upana wa sm 150, nikakiloweka katika maji ya moto, nikakianika na kukipiga pasi kabla ya kukigusa kwa mkasi. Kazi hii haina utamu wowote na ndiyo inayorukwa zaidi. Madhara yake huja baadaye, pale pamba inaporudi nyuma chini ya lesi isiyopungua, na ukingo wote ukaanza kujiviringa kama jani la mgomba lililoungua jua.

Lesi ilinichukua muda mrefu kuliko kitambaa. Katika maduka ya Kariakoo lesi za mapambo hupangwa kwa mabunda ukutani, na kwa macho zote zinafanana: maua, matao, vitobo. Tofauti yake iko katika namna zilivyotengenezwa. Zipo zile ambazo nyuzi zake zimesokotana zenyewe kwa zenyewe zikafanya wavu na maua kwa pamoja, kazi ya mashine zilizozaliwa Nottingham, Uingereza, pale John Leavers alipobuni mtambo wake mwaka 1813. Zipo na zile nzito, zenye maua manene yaliyoshikana kwa vijiti vya uzi bila wavu wowote nyuma. Hizi za pili, ziitwazo gipua, kwa hakika ni darizi: mashine hudarizi maua juu ya kitambaa cha muda, kisha kitambaa hicho huyeyushwa na kubaki uzi mtupu. Asili ya mashine hiyo ni Uswisi, ambako Isaak Gröbli aliibuni mwaka 1863, na eneo la St. Gallen likajijengea jina kwa kazi hiyo. Mnunuzi wa leo hana haja ya kuikariri historia hii, lakini inamfaa kujua kwamba lesi ya wavu mwembamba hunaswa na pete na kucha wakati wa kufikicha, na uzi mmoja ukikatika tundu hupanuka, wakati gipua ya pamba hustahimili mikono ya mfuaji kwa sababu kila ua limejaa mishono inayoshikana. Kwa meza ya kila siku sina mjadala, huchukua gipua. Lesi ya wavu naiwekea mapazia.

Kisha lipo suala la malighafi. Lesi ya nailoni hung'aa vizuri dukani, lakini jua huifanya iwe ya njano, na pasi iliyowekwa kwenye kiwango cha pamba huiyeyusha. Muuzaji mmoja alinihakikishia, "Dada, hii pamba tupu, usiwe na wasiwasi," nami nikamwambia, "Sawa kaka, nivutie uzi mmoja tu niuchome." Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayosambaratika kidoleni, nailoni na poliesta hunywea kutoka kwenye moto na kuacha kidonge kigumu. Ule wa muuzaji wangu uliacha kidonge. Hakukasirika, akacheka na kushusha bunda lingine lililokuwa juu zaidi, na hilo lilikuwa pamba kweli. Wauzaji wazuri hawachukii kipimo hiki, na asiyekubali kutoa uzi mmoja ameshakujibu.

Sasa hesabu, ambayo watu huifanya kinyumenyume. Mazoea ni kukata kitambaa kwanza kwa ukubwa wa meza, kisha kuitafutia lesi pa kuishia. Mimi huanza na lesi, kwa kuwa kitambaa hukubali kukatwa popote lakini ua la lesi halikubali. Nilitaka kitambaa kining'inie sm 25 kila upande, lesi ikiwa ndani ya hesabu hiyo, maana kikizidi hapo hukalia magoti ya watu na watoto hupata cha kuvuta. Hiyo ingenipa sm 230 kwa sm 140. Lesi yangu ilikuwa na upana wa sm 6, na baada ya kuilowesha na kuikausha nilipima ua moja, kutoka kitovu hadi kitovu, nikapata sm 4. Mia moja na arobaini inagawanyika kwa 4 na kutoa maua 35 kamili. Mia mbili na thelathini haigawanyiki. Nikaongeza urefu ukawa sm 232, yaani maua 58. Kwa kuongeza sm 2 ambazo hakuna mgeni atakayeziona, kona zote nne zilikata ua mahali pamoja.

Ukitoa sm 6 za lesi kila upande, kitambaa chenyewe kinabaki sm 220 kwa 128, na ukiongeza sm 2 za kukunja kila upande, unakata sm 224 kwa 132. Urefu wa lesi hupimwa kwa ukingo wake wa nje, si wa ndani, kwa sababu kwenye kona ukingo wa nje ndio mrefu: mara 2 ya 232 na 140, jumla sm 744. Wanaopima ukingo wa ndani hupungukiwa karibu nusu mita na hulazimika kuunga lesi katikati ya upande. Kwa kuwa maduka mengi huuza kwa yadi, nilinunua yadi 9, ambazo ni mita 8.2 hivi, nikabaki na kipande cha kuungia na cha kujaribia.

Kukata kwa kufuata chaki na rula pekee hakutoshi kwa kitu kikubwa na chenye pembe kama hiki. Nilichomoa uzi mmoja wa ufumaji kwenye kila upande, taratibu, nikiuvuta kwa kucha huku nikikisukuma kitambaa nyuma kwa mkono wa pili, hadi ukaacha mstari mwembamba wazi kama mfereji uliokatiza kitambaa chote. Mkasi hufuata mstari huo. Upande uliokatwa hivi haupindi hata ukifuliwa, kwa kuwa umefuata uzi wenyewe wala si kadirio la jicho.

Kushona lesi kulifanyika kwa hatua mbili, na hapa ndipo mshono wa mapambo unapopata kazi ya kufanya. Nililaza lesi juu ya uso wa kitambaa, ukingo wake wa ndani ukiwa sm 2 kutoka ukingo mbichi, nikaipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kwa mkono mzunguko wote. Pini zingetosha kwa kipande kifupi, ila kwa zaidi ya mita 7 pini hudondoka, huchoma na huiachia lesi isogee. Halafu nikashona mstari mnyoofu wa kawaida, milimita 2 ndani ya ukingo wa lesi, kwa sindano namba 80. Lesi haivutwi wakati wa kushona. Huachwa ijilaze, na cherehani huongozwa taratibu, kwani lesi iliyovutwa kidogo tu itarudi na kukusanya kitambaa. Baada ya hapo niligeuza kazi, nikazirudisha nyuma zile sm 2 za kitambaa zilizokuwa chini ya lesi, nikazikunjia upande wa katikati na kuzipiga pasi. Lesi ikabaki peke yake ikining'inia, na pembeni yake kitambaa kikawa na tabaka mbili.

Tabaka hiyo ya pili ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Mshono wa mapambo ukipigwa juu ya tabaka moja ya pamba hukivuta kitambaa na kukitia mikunjo, ndiyo maana mafundi huweka karatasi chini yake. Hapa pindo lenyewe limekuwa karatasi, tena karatasi isiyochanwa wala kuoshwa ikatoka. Mshono hupigwa upande wa juu, ukitembea juu ya ukingo wa lesi: sindano ikienda kushoto huuma lesi, ikirudi kulia hushika tabaka zote mbili za pamba. Kisha nyuma hukatwa ziada ya pindo karibu kabisa na mshono kwa mkasi mdogo. Kwa mstari mmoja tu umeshikiza lesi, umefungia ukingo mbichi na umepamba. Nimeshaona kazi nyingi ambamo lesi imeshikizwa kwa mshono mnyoofu peke yake na mapambo yakapigwa sm 5 mbali nayo. Zinapendeza siku ya kwanza, lakini lesi inashikiliwa na uzi mmoja mwembamba huku uzi wote mwingi ukikaa mahali pasipo na mzigo.

Kona huhitaji utulivu. Nilipofika kwenye pembe niliiacha sindano chini, nikanyanyua guu la cherehani linalokandamiza kitambaa, nikageuza kitambaa na kuiacha lesi ifanye kikunjo cha ziada. Baadaye nilikikunja kikunjo hicho kwa hanamu, yaani mshazari, kutoka pembe ya ndani hadi ncha ya nje, nikakishona kwa zigizaga nyembamba nikifuata umbo la ua badala ya mstari mnyoofu, kisha nikakata ziada nyuma. Kwa kuwa ile hesabu ya maua ilitimia, nusu ua ilikutana na nusu ua, na ukiitazama kona kwa mbali utadhani lesi ilitoka kiwandani na pembe yake.

Cherehani nyingi za umeme za nyumbani zina mishono kumi, ishirini au zaidi ya mapambo, na kishawishi ni kuitumia yote kana kwamba kitambaa ni kitabu cha sampuli. Msingi wa karibu yote hiyo ni zigizaga, sindano inayokwenda kushoto na kulia. Helen Augusta Blanchard wa Marekani alipata hataza ya cherehani ya namna hiyo mwaka 1873. Mishono ya majani, magamba, nyota na mawimbi ni zigizaga inayopanuka na kusinyaa kwa mpangilio. Kinachonihusu mimi ni urefu wa uzi unaolala juu ya kitambaa bila kushikwa. Ua la upana wa milimita 7 lina nyuzi ndefu zilizolala wazi, nazo ndizo zinazonaswa na pete ya mfuaji au ukucha wa mtoto. Kwa hiyo ukingoni nilitumia magamba madogo ya upana wa milimita 4, na kwa mstari wa ndani nikachagua mshono wa unyoya, ambao hauna uzi mrefu hata mmoja. Haupendezi sana kwenye jedwali la cherehani, na wateja huuruka, lakini ukishapigwa pasi ni miongoni mwa mishono yenye adabu kuliko yote.

Uzi nilioutumia juu ni poliesta ya darizi namba 40. Reyoni hung'aa zaidi, lakini hupoteza nguvu ikilowa na haivumilii klorini, na nyumba nyingi haziwezi kukaa mbali na klorini hata ukisihi. Kwenye bobini niliweka uzi mwembamba zaidi wa rangi ileile ya maziwa, kwa sababu ukingo wa kitambaa cha meza huonekana pande zote mbili unapopeperuka. Nilibadilisha sindano nikaweka ya darizi namba 90, ambayo tundu lake kubwa haliuchubui uzi. Nikalegeza tensheni ya juu, yaani mkazo wa uzi wa juu, kutoka 4 hadi karibu 3 ili uzi wa chini usichungulie, na nikafunga guu lenye mfereji chini yake, kwani guu la kawaida hukwama juu ya mshono mnene na kuurundika mahali pamoja. Ukaribu wa mishono ya magamba niliuweka kwenye milimita 0.5. Yote haya niliyajaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, chenye tabaka zilezile na lesi ileile, kwa sababu jaribio kwenye tabaka moja halikuambii lolote kuhusu tabaka mbili.

Mstari wa ndani, sm 10 kutoka kwenye lesi, ulipita kwenye tabaka moja. Huko nilikipaka kitambaa uji mwepesi wa wanga wa muhogo, nikakipiga pasi kikakakamaa kama kola ya sare ya shule, na mshono ukalala bila kukunja chochote. Karatasi nyeupe nyembamba nayo hufaa, ila ya gazeti huacha wino. Kila upande nilianzia kwenye kona na kushona kuelekea katikati, kisha nikaanza tena kwenye kona ya pili kuja kukutana hapo. Mtu anayeketi mezani huitazama kona. Katikati ya upande hufunikwa na sahani, na tofauti ya milimita chache baina ya mishono miwili inayokutana hapo haimsumbui yeyote.

Kama una sindano ya mabawa, ile pana yenye pande mbili zilizopanuka, unaweza kutoboa safu ya vitobo huku uzi ukivizungushia kingo. Hukubali pamba na kitani; kwenye poliesta vitobo hujifunga. Wapwani waliozoea kofia za viua hawahitaji kuambiwa uzuri wa tundu lililozungushiwa uzi, ingawa haki ni kusema kwamba kazi ya mkono ya kofia iko daraja la juu kabisa ambalo sindano hii hailifikii.

Wenye cherehani ya miguu inayopiga mshono mnyoofu tu hawajaachwa nje. Jaza bobini uzi mnene wa kufumia, legeza skrubu ndogo ya kibeba bobini hadi uzi upite bila kukwama, geuza kitambaa uso chini na ushone mistari mitatu iliyokaribiana. Uzi mnene utajitokeza upande wa uso kama kamba ndogo iliyotandazwa, na ukipigwa juu ya pindo kwa mtindo niliouelezea utashika lesi vilevile. Na wapo mafundi wa darizi wanaoondoa guu, wakafunika meno yanayosukuma kitambaa, wakakikaza kitambaa kwenye fremu ya duara na kuchora maua kwa kukisogeza kwa mikono. Huo ni ujuzi wa miaka, nami sijifanyi kuuweza.

Wifi alipokichukua nilimwambia mambo ya kufua kabla ya mambo ya kutandika. Doa la mafuta litangulizwe sabuni kavu kabla ya maji. Lesi isisuguliwe dhidi yake yenyewe, ibanwe tu kiganjani. Kisikamuliwe kwa kusokotwa, kwa sababu kukisokota ndiko kunakozivuta kona. Pasi ipigwe kikiwa na unyevu, uso wake ukiwa chini juu ya taulo nene, ili magamba na maua yazame kwenye taulo badala ya kubapazwa na chuma.

Kilichobaki baada ya kukata kilikuwa kipande cha sm 18 hivi katika upana wote. Nilikigawa katika miraba saba, nikaishona kingo kwa magamba yaleyale, na kila kona nikaning'iniza shanga mbili za kioo ili viwe vifuniko vya jagi na glasi visivyopeperushwa na upepo wa feni. Mabaki ya lesi hayakutosha kuizungusha yote, yalitosha mmoja tu, nao wifi ameshaamua kuwa ni wa jagi la maziwa.